Tulivyomtangaza Injinia Subira

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha televisheni sikupewa meza. Nilipewa kiti cha plastiki mbele ya televisheni iliyokaa kwenye kona ya idara ya masoko. Meneja Masoko, mzee mrefu mwenye sauti ndogo ambaye sote tulimwita Mzee Meneja, akaniambia nikae hapo hadi jioni.

"Nitazame nini, mzee?"

"Kila kitu. Ila usitazame kama mtazamaji. Kila tangazo likipita, jiulize linamsemesha nani."

Nilikuwa nimetoka kwenye gazeti, ambako kwa miaka kadhaa nilizunguka Kariakoo na kwenye viwanda vya Barabara ya Pugu nikitafuta matangazo, kwa hiyo nilijiona mzoefu. Kazi ya kukaa kitako na kutazama niliiona ya kunipima adabu. Nilikaa. Sabuni ya unga ikamsemesha mama mwenye watoto. Bia ikamsemesha baba. Biskuti ikamsemesha mtoto, mbolea ikamsemesha mkulima, mafuta ya kujipaka yakamsemesha bi harusi. Jioni Mzee Meneja akaja, akasimama nyuma yangu.

"Haya. Nani hakusemeshwa?"

Nikafikiri. "Mimi, mzee."

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimepanga chumba Mtoni, naamka kabla ya adhana ya alfajiri ili niwahi kazini. Sikuwa na mtoto, sikuwa na mume, sikuwa bi harusi. Nilikuwa na kazi.

Mzee Meneja akacheka kidogo. "Wewe mchana haupo nyumbani, na jioni uko barabarani. Mwenye duka hamuuzii mtu asiyemwona. Siku ukijua pa kumkuta huyo, njoo uniambie."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya hadi kustaafu. Jina langu Asumpta. Kazini waliniita Dada Asu, na nywele zilipoanza mvi nikawa Mama Asu. Wazazi wangu walitoka Masasi. Baba alikuwa mchonga vinyago pale Mwenge, na kila nilipomweleza kazi yangu alinijibu kwa methali moja tu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu wa masoko anapata riziki yake kwa kuikana methali hiyo. Mimi niliikana maisha yangu yote, na sasa kwa uzee wangu nasema bado haina ukweli. Nimeona kitu chema kikitembezwa nchi nzima, na aliyekibeba asipate hata kukionja.

Miaka ya mwanzo niliuza muda wa matangazo, yaani zile nukta chache zinazokatwa katikati ya kipindi. Baadaye nikawa Ofisa Udhamini. Mdhamini ni kampuni inayogharamia kipindi kizima ili jina lake litajwe mwanzo na mwisho, na Ofisa Udhamini ndiye anayekaa kati ya mdhamini na watengenezaji, akipigwa na upepo wa pande zote mbili. Mzee Meneja akastaafu, akarudi kwao Tanga. Akaja mwingine, kisha mwingine. Mimi nikapandishwa kuwa Msimamizi wa Kampeni. Kampeni kwetu haikuwa siasa. Ilikuwa ile kazi yote ya kukitangaza kipindi kipya kabla hakijaanza na kukilinda kikishaanza.

Ndipo Mkurugenzi wa Vipindi akaniita ofisini kwake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, mwenye kuvaa vitenge vilivyopigwa pasi hadi vinasimama vyenyewe. Tulimwita Mama Mkurugenzi.

"Tunatengeneza tamthilia yetu wenyewe," alisema. "Msichana wa uswahilini anakuwa injinia wa umeme. Hatafuti mume, anatafuta kupandishwa cheo. Nataka itazamwe na wasichana wenye kazi na wale wanaosomea kazi. Utaweza?"

Nilimwambia nimesubiri kazi hiyo tangu nilipokaa kwenye kiti cha plastiki. Hakujua nazungumzia nini, lakini alitabasamu.

Tamthilia ikaitwa *Injinia Subira*. Mwongozaji, yaani yule anayewaelekeza waigizaji mbele ya kamera, alitaka sura ngeni, mtu ambaye hajazoeleka. Nikaandika kipeperushi cha kuwaita watu kwenye usaili. Kwa kuwa nilikuwa bado na mazoea ya Mtoni, nikakipeleka kutolewa kopi kwenye steshenari moja kando ya Barabara ya Kilwa. Aliyenihudumia alikuwa msichana mwembamba mwenye ushungi, macho makubwa, vidole vinavyokimbia kwenye kompyuta kama mvua juu ya bati. Siku nzima kazi yake ilikuwa kuwachapia watu barua za kuomba kazi na wasifu wao. Alikisoma kipeperushi changu karatasi zikiendelea kutoka.

"Samahani mama. Hii ya kuigiza, na mie naruhusiwa?"

"Umewahi kuigiza?"

"Sijawahi. Ila kila siku nawaandikia watu kwamba wao ni wachapakazi, waaminifu, wanaoweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Si ndo kuigiza huko?"

Jina lake Mwantumu. Ukoo wao ni wa watu wa pwani waliokaa Mtoni tangu upande ule wa mji ukiwa minazi mitupu. Aliacha shule kidato cha tatu baba yake alipofariki, akabaki na mama na mdogo wake wa kiume. Alikuja kwenye usaili akiwa amevaa viatu vya kuazima. Aliposimama mbele ya kamera na kusema maneno ya Subira, Mwongozaji alivua miwani yake na hakuivaa tena hadi alipomaliza. Waigizaji wengine walisema maneno ya injinia. Yeye aliyasema kama mtu anayedai kitu alichonyang'anywa.

Sasa kazi yangu ikaanza. Walengwa, ndio watu mnaotaka kuwafikia, tulikwisha kuwajua: wasichana waliopanga vyumba Sinza, Tabata na Temeke, wanaofanya kazi benki, hospitali, mapokezi, maduka ya simu, na wanafunzi wa vyuo. Utaratibu wa siku zile ulikuwa kuwaalika wachache hotelini, kuwapa soda na sambusa, kisha kuwauliza maoni. Tukafanya hivyo. Wote wakajibu kwa adabu. Adabu haina faida kwa mtu wa masoko. Tulirudi ofisini bila neno la maana.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nasukwa saluni Sinza. Nimekaa saa ya pili, shingo inaniuma, nikatazama huku na huku kwenye kioo. Viti vyote vimejaa wasichana wa umri ule ule tuliokuwa tukiutafuta. Televisheni iko ukutani. Hakuna anayeweza kuondoka kwa sababu nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Nikamkumbuka Mzee Meneja na mtu wake asiyeonekana. Jioni ile nikampigia simu Tanga. "Nimempata, mzee," nikamwambia. "Yuko saluni." Alicheka hadi akakohoa.

Wiki iliyofuata nikarudi na sehemu ya kwanza ya tamthilia, na bango tulilokuwa tumeandaa. Bango lenyewe lilimwonyesha Mwantumu katika gauni jekundu refu, ameegemea gari. Nikalifungua mbele ya wasichana wale.

"Huyu nani? Matroni wa harusi?" akauliza mmoja, na saluni nzima ikacheka.

"Ni injinia wa umeme," nikasema.

"Na gauni hilo nguzo anapandaje?"

Mwingine, aliyevaa sare ya benki na kichwa chake kikiwa ndani ya draya, ile mashine ya kukaushia nywele, akapaza sauti ili ajisikie mwenyewe. "Mama, naomba nikwambie ukweli. Sie tunatokaga kazini miguu inawaka moto. Nikifika geto kwangu nikiwasha tivii nakuta mtu analia sebuleni kwa ajili ya mume wa mtu. Mie wa kuniliza ninaye, bosi wangu. Nionyeshe mtu anayefanya kazi."

"Na saa mnayoonyesha ibadilisheni," akaongeza msusi wangu. "Saa hizo hawa wote wako kwenye foleni Morogoro Road."

Nilirudi ofisini nikiwa nimesukwa na nimejaa maneno. Bango lile tukalitupa. Lililotoka badala yake labda wengine wenu mnalikumbuka: Mwantumu anapanda ngazi asubuhi, kofia ngumu kichwani juu ya ushungi, buti miguuni, viatu vya kisigino ameving'ang'ania mkononi, anatazama juu. Chini yake maneno machache: *Subira anaingia kazini. Nawe?* Tukatengeneza dokezo, ile picha fupi ya kumwonjesha mtazamaji, tukaipeleka saluni kabla ya kuionyesha hewani. Nikabishana na Mama Mkurugenzi hadi akakubali kuwe na marudio Jumapili mchana, wakati msichana wa kazi anafua na kupika cha wiki nzima, televisheni ikiwa mbele yake.

Ikashika. Sina haja ya kuwatajia takwimu. Niliona kwa macho saluni za Sinza zikibandika karatasi mlangoni, "Jumapili Injinia Subira yupo". Nilisikia benki msichana akimwambia mwenzake, "Usinifanyie kama bosi wa Subira." Mwanamke mmoja wa duka la vifaa vya umeme alinieleza kwamba wasichana wameanza kuingia dukani kwake kununua tesita, ile bisibisi yenye taa, na wakiulizwa ya nini wanajibu ni ya nyumbani tu. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kazini tena.

Mdhamini mkuu, kampuni ya mafuta ya kujipaka, naye akafurahi. Akataka Subira apelekwe mashuleni, asimame mbele ya wasichana awape moyo. Wazo halikuwa baya. Ya kwanza ilikuwa sekondari moja Temeke. Uwanja ulijaa. Mwantumu alivaa kofia yake na buti zake, akasema vizuri sana yale tuliyomwandikia kuhusu hesabu na fizikia na kutokata tamaa. Kisha maswali. Mtoto mmoja wa kike mbele kabisa akanyoosha mkono.

"Dada, kidato cha nne wewe ulipata divisheni gani?"

Katika yote tuliyomwandikia hatukuwa tumefikiria swali hilo. Mwantumu akanyanyua kidevu, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kwenye tamthilia. "Subira alipata divisheni wani!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Tukarudi kwa gari, tukavuka Mtongani. Kofia ameipakata.

"Mama Asu," akasema, "yule mtoto kaniuliza mie. Mie sina divisheni. Mie sina hata cheti cha kumwonyesha mtu kwamba nilikaa darasani."

"Kazi yako ni kuigiza, mwanangu. Wanajua."

"Hawajui. Uliwaona macho yao? Hawajui." Kisha akaniambia jambo alilokuwa amelikalia kwa muda mrefu. Alitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kilikuwepo kituo cha masomo ya jioni Temeke. Alikwisha kwenda kuuliza. Kikwazo kilikuwa ratiba ya kurekodi, maana mara nyingi tulirekodi hadi giza linaingia.

"Ukishafaulu?"

"Niende chuo cha ufundi. Umeme." Akacheka mwenyewe, kwa haya. "Nimesema umeme, umeme, umeme, mpaka umeniingia."

Nilikwenda kwa Mama Mkurugenzi kesho yake. Nikamweleza yote, nikidhani mwanamke aliyetaka tamthilia ile ataruka kwa furaha. Alinisikiliza huku akipanga kalamu mezani.

"Asumpta, mimi nilisoma na watoto wawili mgongoni. Hakuna aliyenipangia ratiba."

"Ndiyo sababu unajua ugumu wake, mama."

Akaziacha kalamu. "Waambie matukio yake yarekodiwe asubuhi. Jioni tatu kwa wiki ni zake. Lakini mdhamini akimhitaji, atakwenda. Mkataba wake unasema hivyo, na mkataba sikuuandika mimi."

Ukawa mwaka mzuri. Ukimtafuta Mwantumu wakati taa zinapangwa, ulimkuta kwenye kreti la soda, kofia ngumu kichwani, daftari la hisabati magotini. Fundi wa sauti, kijana wa Kichaga aliyekuwa hodari wa hesabu, alimfundisha milinganyo kwa kuchora kwa chaki sakafuni, na mara moja tulilazimika kusimamisha kurekodi kwa sababu chaki ilionekana kwenye picha. Hakuna aliyekasirika. Mimi nilikuwa namsomea maswali ya fizikia njiani, maswali nisiyoyaelewa mwenyewe, naye anajibu huku akitazama nje dirishani. Usiku mama yake alinipigia kutoka Mtoni kumshtaki: "Mwanao halali! Anaongea na mitungi ya gesi!" Alikuwa akimaanisha fomula za gesi, lakini tulicheka naye hivyo hivyo.

Mtihani ulipobaki wiki chache, barua pepe ya mdhamini ikaingia. Ziara ya mikoa: Mwanza, Arusha, Mbeya, viwanja vikubwa, wasichana wa shule na vyuo. Siku zake ziliangukia juu ya mtihani, kama vile mtu alizipima makusudi. Hakuna aliyezipima. Kampuni ilikuwa na mafuta mapya ya kuzindua kabla ya sikukuu, basi.

Nilifanya nilichojua kufanya. Niliomba ziara isogezwe. Wakasema viwanja vimeshakodiwa. Nikapendekeza waende waigizaji wengine, Mwantumu awafuate mwishoni. Nikaenda mwenyewe ofisini kwa Meneja wa Chapa wa kampuni ile, yaani msimamizi wa jina la bidhaa. Alikuwa binti mdogo, hodari, mwenye shahada mbili, na ukutani kwake amebandika bango letu.

"Mama Asu, nampenda Subira kuliko unavyofikiri," alisema, na nadhani alisema kweli. "Lakini nikimpelekea mkurugenzi wangu ziara ya Subira bila Subira, nitaondoka mimi. Tunampeleka yeye au hatumpeleki mtu."

Nikapanda hadi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa kituo chetu, bosi wa mabosi wote, ambaye kwa miaka yangu yote pale nilikuwa nimeingia ofisini kwake mara chache sana. Alinikaribisha kiti. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mtihani unafanyika kila mwaka?" akauliza.

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Basi atafanya mwakani. Mdhamini hatumpati kila mwaka."

Nilimpelekea Mwantumu habari hizo nyumbani kwao. Tulikaa kwenye mkeka uani, mama yake akitupikia chai ya tangawizi. Nilimwambia kwamba akikataa kwenda atakuwa amevunja mkataba, lakini mimi nitasimama naye nitakavyoweza. Akaanza kuchambua nyuzi za mkeka.

"Mdogo wangu naye yuko kidato cha nne mwaka huu," alisema mwishoni. "Anataka kuendelea. Mie nikifukuzwa, tunakaa nyumbani wote wawili. Acha niende, Mama Asu. Mwakani nipo."

Siku ya mtihani wa hisabati tulikuwa Mwanza. Asubuhi ya jua kali, muziki, maelfu ya wasichana wa shule wamefungiwa skafu za rangi ya mafuta mapya. Tulisimama nyuma ya jukwaa tukisubiri mshereheshaji amwite. Mwantumu alikuwa amevaa kila kitu, kofia, buti, koti la kung'aa. Akaniomba saa yangu, akaitazama.

"Saa hizi wameshafungua karatasi," akasema.

Nilimshika mkono, mkono ukawa wa baridi, Mwanza na jua lile. Mshereheshaji akaita jina la Subira na wasichana wakapiga kelele kiasi cha kutetemesha mbao. Akapanda ngazi. Nikamsikia akiwaambia, kwa sauti isiyotikisika hata kidogo, "Wadogo zangu, mtu akikuambia subiri mwakani, mwambie mie nina haraka." Maneno hayo hayakuwa kwenye muswada. Walishangilia sana. Meneja wa Chapa, aliyekuwa amesimama karibu nami, aliyaandika kwenye simu yake ili ayatumie kwenye tangazo, na kweli yalitumika.

Mwakani yake haikuja. Miezi michache baada ya ziara, kampuni ilibadilisha uongozi na udhamini ukahamishiwa kwenye mpira. Kituo kikanunua tamthilia ya ng'ambo iliyoingizwa sauti za Kiswahili, maana hiyo haihitaji mwandishi, wala taa, wala Mwantumu. *Injinia Subira* ilikatika katikati: yuko juu ya ngazi, simu yake inaita, na hadi leo hakuna ajuaye ni nani aliyempigia. Nilipokea simu za watazamaji kwa wiki nyingi. Nilimtetea Subira katika kikao cha mwisho, Mama Mkurugenzi naye akamtetea kwa ukali ambao sikuutarajia, akashindwa, na mwaka ule ule akaacha kazi.

Mwantumu alipigwa na jambo ambalo hakuna mtu wa masoko aliyenifundisha kulitazamia. Sura yake ilikuwa imeuzwa sawasawa mno. Alipoomba kazi ya mapokezi katika kampuni moja ya mizigo, waliomsaili walipiga naye picha, wakacheka, wakasema, "Injinia mzima, utakaaje mapokezi?" Hawakumwita tena. Watengenezaji wengine wa filamu walisema wakimweka yeye watu watamwona Subira tu. Nikawapigia simu wote niliowajua. Steshenari ilikwisha kupata mtu mwingine. Mama yake akaanza kuugua figo, na masomo ya jioni yakaahirishwa mara ya kwanza, ya pili, kisha hayakutajwa tena. Mdogo wake alisoma, namshukuru Mungu; ni mwalimu Lindi. Mwantumu akaolewa, akazaa, akafungua kibanda cha vitenge pale pale Mtoni. Tulipigiana simu sikukuu kwa sikukuu, zake na zangu.

Mimi nilistaafu miaka kadhaa baadaye. Waliniaga vizuri. Msoma hotuba alitaja tamthilia ile kama kampeni bora katika historia ya idara, na kwenye ukuta wakatundika bango la ngazi, limekuzwa. Kila mtu alitaka kupiga picha nami chini yake. Nilisimama, nikatabasamu, shingo ikaniuma kwa kukwepa kugeuka kulitazama.

Sasa nakaa Kinyerezi, katika nyumba niliyoijenga polepole. Jumuiya yetu ndogo ya Wakristo husali nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja kila Jumamosi asubuhi, na mwaka jana ilipofika zamu yangu alikuja mgeni, binti aliyehamia mtaani, anaitwa Jenipha. Alijitambulisha kwamba ni mhandisi wa umeme kwenye mitambo ya kufua umeme wa gesi pale juu. Baada ya sala, wakati wa chai, mama mmoja akamtania kwamba mwenye nyumba hii ndiye aliyemleta Injinia Subira mjini. Jenipha akaweka kikombe chini.

"Mama, kweli? Mie nilikuwa kidato cha pili Songea. Jumapili tulikuwa tunatoroka bweni kwenda kwa matroni kumwangalia. Mie umeme niliuchagua kwa sababu yake." Macho yake yalimeremeta. "Na yule dada siku hizi ni injinia wapi?"

Ningeweza kumjibu kwamba yule alikuwa mwigizaji tu, mazungumzo yakaisha. Nilimwambia yote niliyowaambia nyie hapa. Chai yake ikapoa. Nilipomaliza aliniomba jambo moja, nimpeleke.

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata, baada ya sala. Mwantumu alikuwa kibandani kwake, amenenepa kidogo, macho yale yale, anamkunjulia mteja doti ya kitenge. Jenipha akamwamkia shikamoo kwa kupiga goti kidogo, kama tunavyofanya kwetu kusini. Nikawatambulisha. Mwantumu akavuta viti viwili, akamwacha mteja amesimama na doti yake.

"Kaa, mdogo wangu. Hebu niambie. Asubuhi ukifika pale, kitu cha kwanza mnafanya nini?"

Jenipha akamweleza. Kikao kifupi cha usalama, kuvaa, kusoma taarifa ya zamu iliyotoka, kupita kwenye mitambo. Mwantumu alisikiliza akiwa ameinama mbele, viganja katikati ya magoti, akiuliza: kelele zake zikoje, joto je, wanaume wanakusikiliza? "Wengine," alisema Jenipha, na wote wawili wakacheka kicheko kimoja.

"Kuna maneno nilikuwa nayasema," Mwantumu akasema. "'Zima, funga, pima, ndo uguse.' Nilijiulizaga miaka yote, yale walikuwa wananiandikia tu, au ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, dada. Hatugusi kitu bila hayo. Mie kila nikifundisha wanaoanza kazi naanza na hayo, na nikiyasema nasikia sauti yako."

Mwantumu akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, polepole. Alifuta uso kwa ncha ya ushungi wake akisingizia vumbi la barabara. Jenipha akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtihani wa kujitegemea bado upo, kila mwaka, na kwamba yeye anaweza kuja Jumamosi kumfundisha hisabati, hata hapa hapa kibandani.

"Najua upo," alisema Mwantumu. "Matokeo wakianza kuyatangaza, kila mwaka, nazimaga redio."

Kisha akasimama, akamgeukia mteja aliyekuwa bado anasubiri, akamwomba radhi, na akamuuliza anataka doti ngapi.